Kutoka Tinde hadi Jenomu: Historia ya Swali Moja na Istilahi Zake

Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa Songwa, katika Wilaya ya Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, akikusanya majina ya magonjwa ya watu na mifugo. Siku moja walifika wataalamu wa afya kuwaeleza wananchi uchunguzi wa malaria waliokusudia kuufanya. Walisema kwamba watatoboa ncha ya kidole cha kila mtoto, watachukua matone machache ya damu, na damu hiyo itapelekwa maabara "kupimwa vinasaba". Mkutano ukanyamaza. Kisha bibi mmoja akainuka, akasema kwa upole: "Mwanangu, baba za watoto wa hapa tunawajua. Hivyo vinasaba mnavyovitafuta ni vya nani?"

Watu walicheka, na mtaalamu naye akacheka, kisha akaendelea kugawa fomu. Lakini akina mama kadhaa waliwachukua watoto wao wakaondoka kimya kimya kabla ya kupimwa.

Swali la bibi yule halikuwa la mzaha. Masikioni mwa wananchi wengi neno vinasaba ni neno la kesi: kesi ya mtoto kukataliwa na baba, au kazi ya kutambua miili baada ya ajali. Wataalamu wale hawakuwa na haja ya vinasaba vya mtoto hata kidogo. Walichokitafuta ni vinasaba vya kimelea kilichomo katika damu ya mtoto. Neno moja lililokosa mwenyewe lilitosha kuuharibu mkutano mzima.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya swali hilo hilo, "vya nani?", katika ardhi hiyo hiyo ya Shinyanga. Si mbali na Songwa, upande wa pili wa mji wa Shinyanga, iko Tinde, kwenye njia panda ya barabara iendayo Nzega na ile iendayo Kahama. Huko Tinde, tangu mwaka 1934, watafiti walilikabili swali la nasaba ya kimelea cha malale kwa muda wa miaka kumi na minane, na kipimo chao kilikuwa mwili wa binadamu. Leo swali hilo hujibiwa ndani ya kijaribio cha maabara kwa kutazama jeni moja tu. Tutaeleza jinsi safari hiyo ilivyokwenda, kisha tutatoa mapendekezo kuhusu istilahi.

Ugonjwa na Majina Yake

Malale ni ugonjwa unaoletwa na kimelea cha seli moja kiitwacho tripanosoma. Kimelea hiki huenezwa na inzi anyonyaye damu, ambaye katika Kiswahili sanifu huitwa mbung'o na katika sehemu nyingi za bara huitwa ndorobo. Neno malale limejengwa juu ya kitenzi lala, kwa kuwa mgonjwa, kimelea kikishafika ubongoni, husinzia mchana, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Ugonjwa wa jamii hiyo unaowapata ng'ombe huitwa nagana, neno lililotoka Kizulu.

Majina ya kitaalamu ya vimelea hivi yana historia yake. Mnamo miaka ya 1894 na 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikiona kimelea cha nagana huko Uzulu, na mwaka 1899 kikapewa jina la Trypanosoma brucei kwa heshima yake. Mapema katika karne ya ishirini malale yaliwaua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Kisha mwaka 1910 Stephens na Fantham wa Liverpool walieleza kimelea kilichopatikana kwa mgonjwa aliyetoka Rhodesia, wakakiita Trypanosoma rhodesiense.

Hapa ndipo tatizo lilipoanza. Ukiviweka vimelea hivi viwili chini ya hadubini, brucei wa ng'ombe na rhodesiense wa mtu, huwezi kuvitofautisha: umbo, mkia na mwendo ni mamoja. Majina mawili yalikuwa yametolewa, moja kwa kumfuata mtu na jingine kwa kuifuata nchi, lakini hapakuwa na alama ya kuonyesha kwamba vitu vyenyewe ni viwili. Kwa lugha yetu ya istilahi, tungesema kwamba majina yalitangulia na dhana ikabaki nyuma.

Bruce mwenyewe, baada ya kazi yake ya Nyasa kati ya 1911 na 1914, alishikilia kwamba ni kimelea kimoja, na kwamba wanyama wa porini ndio ghala ya ugonjwa wa mtu. Kwa hiyo wauawe. Mjerumani Max Taute alilikataa jambo hilo. Ili kuthibitisha, alijidunga damu ya wanyama yenye vimelea, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yeye na mwenzake Huber waliwadunga Waafrika zaidi ya mia moja hapa Afrika Mashariki. Matokeo yalitangazwa mwaka 1919: hakuna aliyeugua. Hao zaidi ya mia moja wameingia katika historia ya sayansi kama tarakimu tu.

Mapema kabisa kulikuwa kumepatikana dokezo la jibu. Mwaka 1902 Mfaransa Laveran aliona kwamba seramu ya damu ya binadamu, yaani yale maji yabakiayo damu ikishaganda, huviua vimelea vya nagana. Kwa hiyo katika damu ya mtu mna kitu kinachomkinga, na kimelea cha rhodesiense kina kitu kinachomwezesha kuhimili kinga hiyo. Vitu hivyo viwili ni nini? Swali hilo lilikaa bila jibu kwa muda wa karibu karne nzima.

Shinyanga katika Vita vya Mbung'o

Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, mashariki ya Mwanza. Dakta Lyndhurst Duke alikwenda kuyachunguza. Mbung'o aliyeonekana kuyaeneza alikuwa wa aina ambayo haikuwa imeelezwa bado, na mwaka 1923 akapewa jina la Glossina swynnertoni. Jina hili lilimheshimu C. F. M. Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, ambaye wakati huo huo alikuwa ameanza kazi kubwa Shinyanga.

Swynnerton aliamini kwamba mbung'o hushindwa kwa kuondolewa kivuli. Kwa kushirikiana na watemi, maelfu ya Wasukuma waliitwa kufyeka na kuchoma pori mwaka hadi mwaka. Baadaye Shinyanga ikawa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o, na Swynnerton akawa mkurugenzi wake wa kwanza hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Katika miaka ya 1940 lilifanywa jaribio jingine la kuwaua wanyama wa porini kwa maelfu katika eneo la Shinyanga ili mbung'o wakose damu. Potts na Jackson walitoa taarifa yake mwaka 1952.

Kazi hizo zilifungua ardhi ya kilimo na malisho. Kwa upande wa magharibi, Geita, ambako mgodi wa dhahabu ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947 uliwahamasisha watu kuhamia katika nchi iliyokuwa imeshikwa na pori la mbung'o. Lakini gharama ilikuwa kubwa. Ufyekaji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya Shinyanga ibaki uwanda mtupu, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kama HASHI, kuirudisha miti kwa kutumia desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili.

Yafaa tutambue kwamba wakati huo watu walipigana na pori na wanyama kwa sababu hawakuweza kumtambua adui mwenyewe. Maadamu hapakuwa na njia ya kusema kimelea hiki ni cha mtu na hiki si cha mtu, kila swala alikuwa mshukiwa, na kila mti pia.

Jaribio la Tinde

Swali lililoulizwa Tinde lilikuwa hili: kimelea cha malale ya mtu kikipitishwa kwa wanyama muda mrefu, bila kukutana na mtu, je, kitapoteza uwezo wa kumwambukiza mtu? Kama kitaupoteza, basi pori lililohamwa na watu litakuja kuwa salama lenyewe. Kama hakitaupoteza, basi wanyama ni hatari daima.

Mwaka 1934 vimelea vilichukuliwa kutoka kwa mgonjwa. Mbung'o walilishwa damu yenye vimelea hivyo, kisha wakaachwa wamuume kondoo au swala; mbung'o wengine wakalishwa kwa mnyama huyo, wakamuuma mwingine, na kadhalika. Kazi hiyo iliongozwa kwanza na J. F. Corson, na baadaye wakaiendeleza H. Fairbairn, E. Burtt na K. C. Willett. Kila baada ya muda, ili kujua kama kimelea bado ni cha mtu, mbung'o wenye vimelea waliachwa wamuume binadamu. Taarifa za kitaalamu za wakati ule huwaita watu hao watu wa kujitolea.

Mwaka 1946 Fairbairn na Burtt walieleza kwamba mtu huhitaji kuingiwa na vimelea takriban 300 hadi 450 ndipo augue. Mwaka 1955 Willett na Fairbairn walitoa taarifa ya miaka kumi na minane ya jaribio zima. Jibu lilikuwa wazi: kimelea cha rhodesiense hakikuusahau mwili wa mtu. Miaka yote ya kukaa katika kondoo na swala haikukiondolea uwezo wake.

Lilikuwa jibu la thamani, lakini lilikuwa nusu ya jibu. Lilitueleza kwamba kimelea kinachojulikana kuwa cha mtu hubaki cha mtu. Halikutueleza, ukikutana na kimelea kigeni katika damu ya mnyama, ukitambueje. Ndiyo maana mwaka 1958, huko Nyanza nchini Kenya, Heisch na wenzake walipopata kimelea katika damu ya pongo, iliwabidi kumdunga mtu wa kujitolea ndipo wathibitishe kwamba ni rhodesiense. Mwaka 1966 Onyango na wenzake walikionyesha kimelea hicho katika ng'ombe wa huko huko Nyanza, na safari hii pia uthibitisho ulipatikana katika mwili wa binadamu.

Mtu anayejitolea yampasa akijue anachokitoa. Katika miaka ya Tinde neno jeni lilikuwa bado halijaingia katika Kiswahili, na watafiti wenyewe hawakujua kimelea kina nini kinachokiwezesha kumdhuru mtu. Basi mwenye kuombwa aliombwa atoe mwili wake uwe kipimo cha jambo lisilokuwa na jina katika lugha yake. Hatusemi haya ili kuwahukumu waliotangulia kwa mizani ya leo. Twasema ili tukumbuke ni mahali gani hasa panapotakiwa kazi ya istilahi.

Jibu Lililotoka kwenye Jeni

Hatua ya kwanza ya kumwondoa mtu katika kipimo ilitokea mwaka 1970. Rickman na Robson walibuni njia ya kuvichanganya vimelea na damu ya binadamu katika kijaribio, kisha kumdunga panya mchanganyiko huo. Panya akiugua, vimelea vimehimili damu ya mtu, navyo ni rhodesiense. Asipougua, ni brucei. Dokezo la Laveran la mwaka 1902 likawa kipimo, na mwili wa mtu ukapumzika.

Hatua ya pili ilitokea Brussels. Mwaka 1989 ilitambuliwa jeni inayofanya kazi katika vimelea vinavyohimili seramu ya mtu tu. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Etienne Pays walionyesha kwamba jeni hiyo, ikipandikizwa ndani ya kimelea cha brucei, hukipa uwezo wa kuhimili seramu ya mtu. Miaka mitano baadaye, mwaka 2003, maabara hiyo hiyo ilieleza upande wa pili. Kinga yetu ni protini iliyomo katika seramu, iitwayo apolipoprotini L1. Kimelea huimeza protini hiyo. Nayo ikishaingia hutoboa utando wa ndani, kimelea kikavimba na kupasuka. Jeni ya rhodesiense hutengeneza protini nyingine inayoikamata ile ya mtu na kuizuia isifanye kazi.

Hii ndiyo tofauti iliyotafutwa tangu 1910: jeni moja na protini yake. Jina la rhodesiense hatimaye lilipata dhana yake.

Tangu hapo kazi iliyowahitaji watu wa kujitolea ikawa kazi ya maabara. Damu ya mnyama ikichukuliwa, vinasaba vilivyomo hurudufishwa mara nyingi kwa mashine, na jeni ile hutafutwa. Ikiwepo, kimelea ni cha mtu. Mwaka 2001 Welburn na wenzake walitumia njia hii mashariki ya Uganda wakaonyesha kwamba ng'ombe walikuwa wamebeba kimelea cha mtu, na uchunguzi mwingine wa mwaka huo ulionyesha kwamba ugonjwa ulipelekwa sehemu mpya na ng'ombe walionunuliwa mnadani. Kutokana na hayo, mwaka 2006 ilianzishwa Uganda kampeni ya kuwatibu ng'ombe ili kuwalinda watu. Nchini kwetu, baada ya watalii waliozuru Serengeti na Tarangire kuugua malale mwaka 2001, jeni hiyo hiyo ilitafutwa katika ng'ombe na wanyama wa Serengeti, na matokeo yalitolewa mwaka 2007.

Msomaji na alinganishe mambo haya na yale ya Shinyanga ya kale. Pale palipofyekwa pori lote, sasa yawezekana kumtibu ng'ombe anayehusika.

Zana Mpya na Magonjwa ya Karibu

Jeni moja ni kama neno moja katika kitabu. Kitabu chenyewe huitwa jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe. Jenomu ya Trypanosoma brucei ilichapishwa mwaka 2005; ina herufi milioni 26 hivi na jeni zipatazo 9,000. Mamia kadhaa kati ya hizo ni jeni za koti la protini linalokifunika kimelea. Mwili ukishalitambua koti moja na kuanza kulishambulia, kimelea huvaa jingine, na ndiyo sababu hadi leo hakuna chanjo ya malale. Jenomu ya mbung'o nayo ilichapishwa mwaka 2014.

Hayo hayahusu malale peke yake. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu ilichapishwa mwaka 1998. Mwishoni mwa 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert, ambacho hurudufisha vinasaba vya bakteria katika makohozi, na ndani ya saa mbili hivi huonyesha kama bakteria wapo na kama wana usugu kwa dawa ya rifampisini. Kwa mchimbaji wa Geita, ambaye vumbi la mwamba limemdhoofisha mapafu na kumweka karibu na kifua kikuu, saa mbili hizo zina maana kubwa kuliko majuma ya kungoja.

Kuhusu malaria, kipimo cha haraka kinachojulikana katika zahanati zote ni kipimo cha protini: ule mstari unaojitokeza huonyesha kwamba protini ya kimelea imo katika damu. Mahali pengine barani wamegunduliwa vimelea waliopoteza jeni ya protini hiyo. Mgonjwa ana malaria, lakini mstari hautokei. Kadhalika, mwaka 2020 ilitangazwa kwamba Rwanda ina vimelea vyenye badiliko la jeni linaloipunguzia nguvu dawa ya artemisinini, na baadaye badiliko hilo likaonekana Kagera, ambayo imepakana na Mkoa wa Geita. Mabadiliko kama hayo hayaonekani kwa hadubini. Hayana budi kusomwa katika vinasaba vya kimelea, na vinasaba vya kimelea hupatikana katika damu ya mgonjwa. Ndiyo maana wale wataalamu walihitaji ncha za vidole vya watoto wa Songwa.

Ni kweli kwamba kusoma jeni si kuponya. Mgonjwa wa malale huponywa na dawa, na mbung'o hupunguzwa kwa mitego na kwa kuogesha mifugo. Lakini zana hizi humwambia daktari na bwana mifugo waelekeze wapi nguvu zao.

Hali ya Istilahi

Katika Kiswahili dhana hizi zina majina mengi kuliko zinavyohitaji. Wapo wasemao jeni, wapo wasemao chembe za urithi, na wapo wasemao vinasaba. Wengine hutumia chembeuzi. Neno moja hutumika kwa dhana tatu, na dhana moja hupewa maneno matatu. Wakati wa kuandika habari za kesi jambo hilo halidhuru sana. Katika chumba cha daktari hudhuru.

Istilahi ya vinasaba ni nzuri kwa umbo lake. Imetokana na nasaba, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ukoo, likavishwa kiambishi cha Kibantu. Imepata nguvu ya sheria, kwani mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya vinasaba vya binadamu. Lakini kwa sababu iliingia masikioni kwa njia ya mahakama na Mkemia Mkuu wa Serikali, imeshikamana na binadamu na ubaba. Hatuwezi kuiondoa, wala hakuna haja. Tunachoweza ni kuifundisha adabu ya kutaja mwenyewe.

Jeni, jenomu na protini ni maneno ya kukopa. Jeni ilibuniwa na Johannsen wa Denmark mwaka 1909, jenomu na Winkler wa Ujerumani mwaka 1920, na protini ilianza kutumika mwaka 1838. Wapo wanaoyapinga kwa kuwa hayana mzizi wa Kibantu. Kwa maoni yetu hoja hiyo haina uzito hapa. Neno la kukopa halina maana ya awali inayoweza kumpotosha msikilizaji. Huingia likiwa tupu, nasi hulijaza kwa maelezo. Chembe za urithi, kinyume chake, huja zimejaa: msikilizaji hufikiri mirathi, tena hufikiri kitu kinachoonekana kama chembe ya mchanga.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Vinasaba itumike kwa ile kemikali iliyobeba maagizo ya mwili, na kila mara itajwe ni vya nani: vinasaba vya kimelea, vinasaba vya mbung'o, vinasaba vya mtu. Katika maelezo kwa wananchi neno hili lisisimame peke yake.

2. Jeni itumike kwa agizo moja lililomo katika vinasaba, na jenomu kwa maagizo yote ya kiumbe kwa jumla.

3. Protini iendelee, lakini waandishi waeleze kwamba si ile ya maharage na nyama peke yake. Ni vifaa ambavyo mwili wowote, hata wa kimelea, hujitengenezea kwa kufuata jeni.

4. Seramu itumike kwa maji ya damu iliyoganda, na ile jeni ya rhodesiense iitwe jeni ya kuhimili seramu. Jina hili hueleza kazi yake yote kwa maneno manne.

5. Ile njia ya kuongeza nakala za vinasaba kwa mashine iitwe urudufishaji wa vinasaba. Kitenzi rudufu kinajulikana katika kila ofisi yenye mashine ya kutoa nakala.

6. Malale, mbung'o na ndorobo yabaki. Ndorobo lisihesabiwe kuwa kosa katika maandishi ya afya yanayokusudiwa bara, kwa kuwa ndilo neno la wale wanaoumwa na mdudu huyo.

7. Ridhaa isitumike mahali ambapo maelezo hayajatolewa. Fomu iliyotiwa sahihi bila maneno yake kueleweka iitwe sahihi tu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tumeona kwamba kwa muda wa miaka mingi vimelea viwili vilikuwa na majina mawili bila tofauti inayojulikana, na kwamba pengo hilo lililipiwa na pori la Shinyanga, na wanyama wake, na miili ya watu wa Tinde. Tofauti ilipopatikana, ilikuwa jeni moja na protini yake, nayo sasa hutafutwa bila kumdhuru mtu yeyote.

Lakini sayansi hii bado huanza na tone la damu, na damu ni ya mtu mwenye masikio. Bibi yule wa Songwa aliuliza swali ambalo Bruce na Taute waligombania na ambalo Tinde ililifanyia kazi miaka kumi na minane: ni vya nani? Alistahili jibu la maneno machache: "Ni vya kimelea cha malaria, mama, si vya mtoto. Twataka kujua kama dawa tunazowapa zingali zinakiua." Hakuna hata neno moja katika jibu hilo ambalo Kiswahili hakina. Kama hakulipata, kosa halikuwa la lugha. Lilikuwa letu sisi tuliopewa kazi ya kuipanga, na la wale walioona kwamba si lazima kuitumia.

Siku moja watapita tena Songwa, au Geita, au Tinde yenyewe, wakiomba damu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba safari hiyo anayeombwa atajua anachokitoa, na kwamba akikataa, atakuwa amekikataa kitu chenyewe, si kivuli cha neno.